Ridhaa na Ruhusa: Historia ya Neno la Kukubali katika Nchi ya Loliondo

Ruhusa ni nyepesi kinywani na nzito katika matokeo yake. Mtu husema neno moja, mwenziwe akafungua mlango, akapita njia, akakata mti au akahamisha mpaka. Na neno likiisha kusemwa halirudi lilikotoka. Kwa sababu hii kila lugha imejiwekea namna nyingi za kumwachia mwingine atende jambo: nyingine za adabu, nyingine za sheria, nyingine za uchovu. Kiingereza kina hazina kubwa ya namna hizo, na hazina hiyo ilipoletwa Afrika ya Mashariki katika karatasi za serikali ilifanya kazi ambayo watu wachache waliitazamia. Mahali pa kuipima kazi hiyo ni Ololosokwan, kijiji cha wafugaji wa Kimasai katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa magharibi na nchi ya Kenya upande wa kaskazini. Huko swali la nani alikubali nini, lini, na kwa maneno gani, limekuwa swali la malisho, maji na maboma.

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Mwingereza atakaye kumwachia mwenziwe atende jambo aweza kupita njia tano. Kwanza, husema kuwa hana pingamizi. Pili, husema kuwa atafurahi jambo hilo likitendeka. Tatu, hutumia kitenzi kidogo, «may», ambacho humpa mwenziwe uwezo wa kutenda. Nne, humwambia aendelee, kwa amri isiyo na ukali wa amri. Tano, hutumia neno «let», ambalo ni kama mlango ulioachwa wazi. Kiswahili kina ndugu wa kila njia: sina neno, niko radhi, ruhusa unayo, haya, karibu, mwache afanye. Kwa juu juu mfasiri hana taabu, kwa kuwa kila sarafu ina mwenzake.

Taabu huanza sarafu zinapowekwa katika mizani. Asemaye kuwa hana neno hakusema kuwa alipenda jambo. Amesema tu kuwa hatalizuia. Asemaye kuwa yu radhi ametoa kitu cha moyo. Na asemaye haya aweza kuwa amefurahi, aweza kuwa amechoka kubishana, aweza kuwa anamhofu aliyesimama mbele yake. Sauti na uso ndivyo vitakavyompambanulia msikilizaji. Karatasi haina sauti wala uso. Ikiandika kuwa watu fulani walikubali, kutopinga, kuchoka, kuhofu na kupenda vyote huvaa joho moja.

Historia ya maneno yenyewe yaonyesha hatari hiyo. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana kwa sauti, kimoja cha kuruhusu na kingine cha kuzuia. Baada ya muda vyote viwili vikawa «let», na kwa karne kadhaa neno moja lilibeba maana mbili zinazopingana; katika tamthilia ya Hamlet, Shakespeare alilitumia kwa maana ya kuzuia. Neno lilo hilo hutumika pia kwa kupangisha nyumba au shamba, yaani kumwachia mtu atumie kitu ambacho hakikuacha kuwa chako. Nalo neno «agree» lilitoka katika Kifaransa, ambako shina lake lilihusu kupendeza na kuridhisha. Lilipofika katika mikataba utamu wa shina ulikuwa umekauka, likabaki gome la wajibu. Kiswahili hakikusalimika na mambo kama haya. Kuacha ni kumruhusu mtu, na kuacha ni kukitupa kitu. Mfugaji aliyewaacha wageni wapite katika nchi yake na mfugaji aliyeiacha nchi yake ni watu wawili mbalimbali, bali kitenzi ni kimoja.

Maneno makubwa ya Kiswahili katika jambo hili, kama kukubali, ridhaa, ruhusa, idhini na hiari, yalitoka katika Kiarabu, na matumizi yameyagawia kazi. Ridhaa ni ya moyo. Idhini ni ya mamlaka. Ruhusa hutoka kwa mkubwa ikaenda kwa mdogo, kama ya mwalimu kwa mwanafunzi. Hiari ni ya mtu mwenye njia mbili mbele yake. Kwa hiyo mtu akiomba ruhusa amekwisha kukiri kuwa anayeombwa ndiye mwenye kitu. Hapa pana ufunguo wa habari yote inayofuata. Katika mikataba ya nchi ya Wamasai wenye nguvu walikuja kama waombaji na kuondoka kama watoaji. Na geuko hilo lilipita katikati ya sentensi za kukubali.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 1904. Reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kupita katika Bonde la Ufa, na serikali ya Kiingereza ilitaka bonde hilo kwa walowezi. Agosti mwaka ule Kamishna Sir Donald Stewart alitiliana sahihi na Olonana, laiboni mashuhuri, na wakuu wengine wa Wamasai. Kwa maneno ya hati, Wamasai wenyewe ndio waliosema: waliamua kwa hiari yao kuwa ilikuwa faida kwao kuwahamisha watu na mifugo mbali na njia ya reli, waende katika sehemu mbili zilizotengwa, moja ya Laikipia kaskazini na moja ya kusini. Serikali nayo iliahidi kuwa mapatano hayo yangedumu muda wote ambao Wamasai wangekuwapo duniani. Atakayeitafuta sauti ya aliyehitaji ardhi ile hataisikia. Haja ya mmoja iliandikwa kwa kinywa cha mwingine, ikaitwa hiari.

Ahadi ni deni, walakini deni hili halikulipwa hata miaka saba. Olonana alikufa Machi 1911, na mwezi uliofuata, wakati wa Gavana Sir Percy Girouard, ulifanywa mkataba wa pili. Wamasai wa Laikipia walitakiwa kuhamia kusini, na hati ikasema tena kuwa walikuwa wameridhika kwamba jambo hilo lilikuwa la manufaa yao. Parsaloi ole Gilisho, ambaye karatasi za serikali zilimwita Legalishu, alikuwa kiongozi wa upinzani wa kuhama. Mwaka 1913 yeye na wenziwe waliipeleka serikali mahakamani, wakidai pamoja na mengine kuwa waliotia sahihi hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga watu wote. Mahakama ilijibu kuwa mikataba ile ilikuwa kama mapatano baina ya dola na dola, na mahakama ya nchi haikuwa na uwezo wa kuyahukumu. Kwa hivyo Wamasai walihesabiwa kuwa taifa la kigeni lenye uwezo wa kukubali, wakakosa mahali pa kulalamika kuwa hawakukubali. Ridhaa yao ilipewa heshima kubwa kwa muda uliotosha kuwanyima kesi.

Mfano wa pili ndio unaoigusa Loliondo moja kwa moja. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa kwa sheria ya mwaka 1940, na mipaka yake ikathibitishwa mwaka 1951. Katika miaka iliyofuata serikali ya Tanganyika iliingia katika mabishano na wafugaji waliokuwa wakikaa ndani yake, na pia na wahifadhi wa Ulaya na Marekani waliotaka wanyama wa mwitu waachwe bila watu. Mwaka 1956 ulitolewa mpango wa kuigawa nchi ile, Profesa W. H. Pearsall aliletwa kuichunguza, na baadaye kamati ya Sir Barclay Nihill ikatoa shauri kuwa uwanda wa magharibi uwe hifadhi isiyo na watu na nyanda za Ngorongoro zibaki kwa watu na wanyama pamoja.

Tarehe 21 Aprili 1958 wazee kumi na wawili, malaigwanani wa Ngorongoro na Loliondo, walitia alama zao katika karatasi fupi ya Kiingereza. Kwa karatasi hiyo walikubali, kwa niaba ya Wamasai wote wa sehemu hizo, kuacha madai yao juu ya nchi iliyokuwa magharibi ya mstari ambao Bwana Shauri alikuwa amewaonyesha. Walisema kuwa walifahamu kwamba tangu hapo hawatakuwa na haki ya kuuvuka mstari huo, wala kukaa wala kuitumia nchi waliyozoea kuitumia zamani. Walikubali pia kujihamisha wao, mali zao na mifugo yao kabla ya mwisho wa mwaka 1958.

Sentensi hizi zastahili kusomwa na mwanafunzi wa lugha kama vile asomavyo shairi, neno kwa neno. Vitenzi vyake vikuu ni viwili tu: kukubali na kufahamu. Vyote viwili ni vya ndani ya mtu, navyo havionekani kwa macho. Shahidi aliyekuwapo aweza kusema kuwa alimwona mzee akiweka kidole. Hawezi kusema kuwa alimwona akifahamu. Lakini hati ilihitaji kufahamu huko kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo ikakiandika mapema. Miaka mingi baadaye mmoja wa wazee waliotia sahihi alisimulia kuwa waliambiwa watie sahihi, kuwa mambo hayakuelezwa kwao, na kuwa hakuna miongoni mwao aliyejua kusoma na kuandika. Ikiwa ndivyo, karatasi ilifahamu kwa niaba yao.

Hata kama kila neno lingalielezwa vyema, lingebaki swali la cheo. Olaigwanani ni msemaji wa rika lake. Hukaa katika enkigwana, yaani mkutano wa mashauri, husikiliza wakubwa na wadogo, na mwisho hulisema lile ambalo mkutano umelifikia. Nguvu zake zimo katika kusema yaliyokubaliwa. Hana milki ya malisho hata aweze kuyatoa. Kiingereza cha boma hakikuwa na nafasi ya mtu wa namna hii. Maneno «kwa niaba ya wote» yalimgeuza msemaji kuwa wakili, na wakili kuwa mwenye mali. Kwa desturi ya Wamasai neno la kukubali hukua polepole mkutanoni kama moto wa kinyesi cha ng'ombe. Kwa desturi ya karatasi huzaliwa mara moja, siku ya sahihi.

Lazima haki itendeke kwa upande wa pili. Maofisa wa siku zile hawakuwa wote watu wa hila. Wapo waliowatetea wafugaji mbele ya wahifadhi, na bila ya juhudi zao huenda Ngorongoro nayo ingalifungwa. Sheria ya Hifadhi ya Ngorongoro ilianza kazi mwaka 1959, na Agosti mwaka huo Gavana Sir Richard Turnbull aliliambia Baraza la Wamasai kuwa ukitokea mgongano baina ya maslahi ya wanyama na maslahi ya watu wanaokaa humo, ya watu yatatangulia. Hiyo ilikuwa bei ya kuondoka Serengeti. Wazee waliyashika maneno hayo, na watoto wao wameyarithi. Tofauti ni kuwa kukubali kwa wazee kulikuwa katika hati, na ahadi ya Gavana ilikuwa katika hotuba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 lugha ya serikali ilihama polepole kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na ingedhaniwa kuwa matatizo ya tafsiri yangekwisha. Yalibadilika sura tu. Mwaka 1992 leseni ya uwindaji katika Pori Tengefu la Loliondo, lenye kilomita za mraba 4,000 hivi, ilitolewa kwa kampuni ya Ortello kutoka Falme za Kiarabu. Mwaka uliofuata magazeti, na hasa mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi, yaliuliza kwa nguvu namna leseni hiyo ilivyopatikana. Vijiji vilikuwa ndani ya pori hilo, na pori lilikuwa juu ya vijiji. Mwenye kutoa idhini alikuwa wizara, na mwenye kuishi na idhini hiyo alikuwa mfugaji.

Kwa upande mwingine, Ololosokwan yenyewe iliwahi kuonyesha maana njema ya kumwachia mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya mvutano juu ya ardhi ya kambi ya Klein's, kijiji kilifanya mkataba na kampuni ya utalii, kampuni ikaendesha kambi na kukilipa kijiji kwa matumizi ya ardhi hiyo. Hapa «let» ilirudi katika maana yake ya kupangisha: mgeni alitumia, mwenyeji akabaki mwenyeji, na fedha zikaingia katika hazina ya kijiji. Wakati huohuo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliweka kanuni kuwa Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kama mdhamini, na haiwezi kuigawa bila ya kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mtunga sheria, kwa kujua au kwa kutojua, alikuwa ameikaribia enkigwana. Naye msemaji akarudishwa kuwa msemaji.

Hata hivyo mgogoro haukutulia. Julai 2009, wakati wa ukame, maboma yalichomwa na watu wakaondolewa katika sehemu za Loliondo. Machi 2013 Waziri wa Maliasili na Utalii, Khamis Kagasheki, alitangaza kuwa kilomita za mraba 1,500 zitatengwa kwa uhifadhi, na wananchi wataachiwa 2,500 zilizobaki. Kitenzi hicho cha kuachiwa chastahili kutazamwa. Katika fikira za kijiji kilomita zote zilikuwa zake kwa sheria, na aliyepaswa kuachia alikuwa kijiji. Katika tangazo la wizara zote zilikuwa za serikali, na kijiji kilipewa sehemu kama zawadi. Kila upande ulijiona mwenye mlango. Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Loliondo akasema kuwa ardhi itabaki kwa wananchi.

Agosti 2017 maboma yalichomwa tena. Halmashauri ya Kijiji cha Ololosokwan, pamoja na vijiji vya Kirtalo, Oloirien na Arash, ilifungua shauri Namba 10 la 2017 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki huko Arusha. Septemba 2018 mahakama ilitoa amri ya muda ya kuzuia kuwaondoa wanakijiji na kuwasumbua. Serikali ilishikilia kuwa operesheni ilifanyika ndani ya Hifadhi ya Serengeti na si katika ardhi ya vijiji, na Septemba 2022 shauri likatupwa kwa kuwa wadai hawakuthibitisha mahali palipochomwa. Novemba 2023 kitengo cha rufani kiliitengua hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Hivyo swali kubwa la mahakamani lilikuwa lilelile la mwaka 1958: mstari ulipita wapi.

Kabla ya hukumu hizo, Juni 2022, serikali ilipanda vigingi vya mpaka wa kilomita za mraba 1,500. Tarehe 10 mwezi huo palitokea mapambano katika eneo la Ololosokwan. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, na wengi wakakimbilia Kenya. Juni hiyohiyo lilitangazwa Pori Tengefu la Pololeti, na Oktoba likatangazwa kuwa Pori la Akiba. Septemba 2023 Mahakama Kuu ya Arusha ilisema kuwa tangazo la Pori Tengefu halikuwa halali, kwa sababu wananchi hawakushauriwa kama sheria ilivyotaka.

Lugha ya miaka hii ina maneno yake mawili yaliyo mashuhuri. La kwanza ni kushirikishwa. Taarifa husema kuwa wananchi wameshirikishwa, na wananchi hujibu kuwa hawakushirikishwa. Neno hili ni kauli ya kutendwa: mwananchi hashiriki, hushirikishwa, na mtendaji ni mwingine ambaye mara nyingi hatajwi. Mtu aweza kushirikishwa kwa kuitwa mkutanoni, kuandikwa katika orodha ya mahudhurio na kusomewa jambo lililokwisha kukatwa. Akinyamaza, kimya chake huandikwa kuwa ni ridhaa, ingawa wahenga walisema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. La pili ni kwa hiari. Lilitumiwa katika kazi nyingi za serikali za kikoloni zilizohitaji watu, na mwaka 2022 lilitumiwa kwa familia zilizohama Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni. Baadhi ya waliohama walisema wazi kuwa walipenda, na neno lao halina sababu ya kukanushwa. Wengine waliobaki walilalamika kuwa huduma zilipunguzwa walikokaa, na kuwa hiari ya mtu aliyepunguziwa hospitali si hiari ya mtu mwenye njia mbili. Wahenga wasemapo hiari yashinda utumwa, huzungumza juu ya hiari ya aliye na pa kubaki.

Haitoshi kusema kuwa Kiingereza ndicho kilichofanya makosa haya. Lugha ni chombo, na Kiswahili kimekwisha kuonyesha kuwa chaweza kufanya kazi ileile kwa maneno matamu zaidi. Wala haitoshi kusema kuwa serikali haina haja halali. Mto Mara, nyumbu wanaohama na maji ya Loliondo ni amana ya vizazi vingi, na mfugaji anajua hilo kuliko mgeni, kwa kuwa ng'ombe wake hunywa humo. Linalotakiwa ni kipimo cha kuitambua ridhaa popote inapodaiwa. Kipimo hicho chaweza kupatikana katika historia yenyewe. Aliyekubali awe ameyafahamu maneno kwa lugha yake. Awe alikuwa na uwezo wa kukataa, akabaki salama. Awe ni mwenye kitu, au ametumwa na wenye kitu. Na kilichoahidiwa kwake kiandikwe katika karatasi ileile iliyoandikwa kile alichokitoa.

Mikataba ya 1904, 1911 na 1958 ikipimwa kwa mizani hii itaanguka, kila mmoja kwa upande wake. Mkataba wa kambi ya Klein's, pamoja na upungufu wake, utasimama mahali pengi. Tofauti yake na ile mingine ni ndogo kuitaja na kubwa kuipata: katika meza ile kijiji kingaliweza kusema hapana, na mgeni alilijua jambo hilo kabla ya kuketi.